Faili la Mchangiaji: Shajara ya Kutoa Mayai ya Uzazi kutoka Dodoma

Jumapili, Nkuhungu

Kesho asubuhi ninapanda treni kwenda Dar es Salaam kuanza matibabu ya ugonjwa usio wangu. Dada yangu ana umri wa miaka 38. Kabla hajatimiza 36, hedhi yake ilianza kuruka miezi, kisha ikakatika kabisa, na vipimo vya homoni vikaonyesha kwamba ovari zake, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai, zimeacha kufanya kazi mapema. Hali hiyo humpata angalau mwanamke 1 katika kila 100 walio chini ya miaka 40, na mara nyingi madaktari hawapati chanzo chake. Mji wake wa mimba ni mzima, mume anaye, na hamu ya mtoto anayo tangu mimi niko sekondari. Anachokosa ni yai. Mimi nina miaka 29 na watoto wawili, na vituo vingi vinavyopandikiza mimba hupenda mchangiaji awe chini ya miaka 35, kwa kuwa ubora wa mayai hushuka kadiri umri unavyosogea.

Nyumbani uamuzi ulipitishwa kabla sijaulizwa. Kikao cha familia kilikaa kwa mama, Mpunguzi, mjomba akakifungua kwa kusema kwamba damu ni moja na hakuna cha kujadili, na ilipofika saa ya chakula watu walikuwa wameshaanza kunipongeza. Sikuwa na kinyongo, maana moyoni nilikuwa tayari. Lakini niliona wazi kwamba mwanamke mwingine, asiyekuwa tayari kama mimi, asingethubutu kufungua mdomo mbele ya wazee wale.

Aliyeniuliza kwa mara ya kwanza alikuwa mshauri nasaha wa kituo cha matibabu, mama wa makamo, ambaye aliwaomba dada na shemeji watoke nje, akafunga mlango, akaniambia, "Sasa tumebaki wawili. Ukikataa leo, nani atakukasirikia, na utaishi naye vipi?" Tulizungumza muda mrefu. Alinieleza kwamba nikibadili nia, hata katika hatua za mwisho kabla mayai hayajatolewa, familia itaambiwa tu kuwa kitabibu sikufaa, na hakuna sababu nyingine itakayotajwa. Nilitoka mle ndani nikiwa nimekubali upya, na safari hii kukubali kulikuwa kwangu mwenyewe.

Vipimo vimekwisha: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, kundi la damu, na homoni ya AMH ambayo husaidia kukadiria akiba ya mayai iliyobaki. Kilichotuweka roho juu ni kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Shemeji amebeba vinasaba vya ugonjwa huo ingawa yeye mwenyewe haumwi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Kama mimi pia ningekuwa nimebeba, kila mimba ingekuwa na uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa, na habari yetu ingeishia hapo. Majibu yangu yalitoka safi.

Mimi ni karani wa hesabu katika ushirika wa wakulima wa zabibu, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini jambo lisilo na karatasi. Ndiyo maana naandika. Nilipotafuta habari za safari hii nilikuta mengi juu ya wanaopokea mayai, machozi yao na furaha yao, na machache mno juu ya wanaoyatoa.

Jumatatu, kwenda Dar es Salaam na kurudi

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kwenda Dar es Salaam na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa basi lilikuwa adhabu. Kwa matibabu haya hiyo si anasa, kwa sababu dawa huanzwa siku ya 2 au ya 3 ya hedhi na mwili haungoji tiketi. Siku zangu zilianza jana. Tulipita Gulwe, tukaingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, na muda wote huo nilikuwa nikisoma tena karatasi nilizotumiwa, nikipiga mstari kila mahali ambapo neno "mchangiaji" limeandikwa. Hayakuwa mengi.

Kituoni nilifanyiwa altrasaundi ya ndani, ile inayopitishwa ukeni. Daktari alihesabu vifuko vidogo vya majimaji katika kila upande, kila kimoja kikiwa makazi ya yai moja, akanieleza kwamba kila mwezi mwili huanza kukuza vifuko kadhaa, kisha hukichagua kimoja kiendelee na kuviacha vingine vife. Dawa ya sindano ni homoni ya namna ileile inayotolewa na tezi iliyo chini ya ubongo, isipokuwa kiwango chake ni kikubwa zaidi, ili vile vilivyokuwa vife navyo vikue. Maelezo hayo yalinitosheleza kuliko yote niliyosoma, kwa sababu yalinionyesha kwamba sichukuliwi kitu kutoka akiba ya miezi ijayo.

Nikisubiri damu yangu ipimwe, nilikaa benchi moja na binti wa chuo aliyenipa shikamoo yake vizuri, tukaanza kuongea. Yeye anatoa mayai kwa mtu ambaye hatamjua kamwe, na malipo atakayopata ameshayapigia hesabu: ada ya muhula na kodi ya chumba. Aliyaita "posho ya usumbufu", na nilihisi maneno hayo amefundishwa. Mama yake hajui. Nilipomuuliza kama ameelezwa madhara, alijibu kwamba ameambiwa ni kama maumivu ya hedhi tu, basi; nilipomuuliza nakala ya mkataba wake iko wapi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa hati ya nyumba asiyoimiliki. Simhukumu. Mimi ninatoa kwa dada yangu, naye anatoa kwa ajili ya shule yake, lakini sindano ni moja na hatari ni ileile, na kama kuna mmoja wetu anayehitaji kulindwa zaidi, ni yeye asiye na ndugu anayemsubiri nje ya mlango.

Mkataba wangu niliusoma mstari kwa mstari. Nilitarajia kuonyeshwa kifungu cha sheria ya nchi, nikaonyeshwa karatasi za kituo. Nchi nyingine zimejiwekea misimamo mbalimbali: Ujerumani inakataza kabisa kuchangia mayai kwa sheria yake ya mwaka 1990, wakati Uingereza inaruhusu, ila mtoto aliyetokana na yai lililotolewa tangu Aprili 2005 anaweza, akifikisha miaka 18, kupewa jina la mchangiaji. Katika karatasi zangu iliandikwa kwamba mtoto ni wa dada na shemeji na mimi sina dai juu yake. Hilo nililikubali bila kusita. Niliomba yaongezwe mambo matatu: nikiumia kwa sababu ya matibabu haya, gharama zisiwe zangu, viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, vitakavyobaki visipewe watu wengine bila idhini yangu ya maandishi, na nipewe nakala ya kila kipimo na kila dozi. La tatu ndilo lililoleta mjadala mrefu, jambo lililonishangaza, kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Usiku, nikiwa nimerudi nyumbani, nilijichoma sindano ya kwanza. Dawa inakuja ndani ya kifaa chenye umbo la kalamu. Nilizungusha kitako chake hadi namba ya dozi ikasomeka katika kidirisha, nikabana nyama ya tumbo vidole vitatu pembeni ya kitovu, nikachoma, nikahesabu polepole hadi kumi kabla ya kuchomoa ili dawa isivuje. Mume wangu alishika tochi ya simu ingawa taa ilikuwa inawaka. Alikuwa anatafuta cha kufanya, masikini.

Jumatano, Nkuhungu

Dawa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, nami sina friji. Nimeomba nafasi kwa jirani anayeuza maziwa na barafu, nikaiweka dawa katika kikopo chenye mfuniko nyuma ya vifuko vya ubuyu, na leo mchana umeme umekatika. Nilikimbia kutoka kazini. Barafu haikuwa tabu kupatikana, tabu ilikuwa kwamba dawa hii ikigusana na barafu ikaganda, huharibika kama ilivyo kwa joto, hivyo niliifunga kwanza katika kanga, halafu taulo, ndipo nikaitumbukiza ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyowekwa barafu chini. Ilikaa humo hadi umeme uliporudi magharibi.

Jirani yangu ameona sindano na amejijibu mwenyewe. Ameniambia pole na sukari, akanishauri nipunguze wali na nizidishe mlenda. Nimemshukuru. Sikuwa na nguvu ya kueleza, na ushauri wenyewe haukuwa mbaya.

Ijumaa, Mpunguzi

Mama ameniita, na nilipofika alinipokea kwa "Mbukwa" ya haraka, kisha akaniketisha jikoni mbali na masikio ya watu. Hofu yake ilikuwa moja: nitamaliza mayai yangu nikampe dada, halafu mume wangu akitaka mtoto wa tatu nitamjibu nini. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, kwamba msichana huzaliwa akiwa na mayai yapatayo milioni 1 hadi 2, akivunja ungo hubaki nayo kama 300,000 hadi 400,000, na katika maisha yake yote ni mia chache tu yanayopevuka na kutoka. Yaliyobaki hufa yenyewe mwezi baada ya mwezi, atake asitake. Mama aliendelea kupepeta mtama kwa muda. Halafu akaniuliza kama daktari aliyesema hayo ni mwanamke. Nilipomjibu kuwa ndiye, aliridhika.

Hakuniambia nisiogope, na nilimpenda kwa hilo. Aliniambia kwamba yeye aliwahi kumnyonyesha mtoto wa ndugu yake aliyefariki wakati wa kujifungua, na hakuna kikao kilichokaa.

Jumamosi, Dodoma mjini

Leo nimepigwa altrasaundi hapa mjini na picha zikatumwa Dar es Salaam kwa simu, kwa makubaliano yaliyonipunguzia safari. Vifuko vingi viko kati ya milimita 10 na 12, na daktari anatarajia kila kimoja kiongezeke kama milimita 2 kwa siku. Kuanzia jioni hii ninachoma sindano mbili: ile ya kukuza, na nyingine ya kuzuia mayai yasitoke yenyewe kabla ya wakati. Hii ya pili inawasha. Imeacha duara jekundu tumboni, kubwa kama sarafu, ambalo lilififia kabla sijalala.

Mshauri nasaha alikuwa amenipa namba ya mwanamke mmoja wa Singida aliyewahi kuchangia na aliye tayari kuongea na wenzake. Nimempigia usiku huu, na alichonisimulia kimebadilisha namna ninavyoitazama wiki ijayo. Alitoa kwa mtu asiyemjua, katika kituo cha mji mwingine, akiwa na vifuko zaidi ya 20. Baada ya kutolewa mayai alipanda basi kesho yake. Siku chache baadaye tumbo lilijaa, suruali haikufunga, mkojo ukawa wa matone, akaanza kuhema akipanda ngazi. Aliambiwa kwa simu kwamba ni gesi, kisha simu ikaacha kupokewa. Katika hospitali ya wilaya alikolazwa walimpima malaria, wakamwuliza kama ana mimba, wakashuku ini. Yeye alikuwa anaficha, na hata alipoamua kusema hakuwa na karatasi moja ya kuonyesha amechomwa dawa gani, kwa kiwango gani. Alipona, lakini kwa kuchelewa.

Alichougua ni ovari kuchochewa kupita kiasi, hadi maji yanavuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kujaa tumboni. Kwa kiwango kidogo huwapata wengi na hupita yenyewe. Kwa kiwango kikali hutokea kwa wachache, lakini huweza kuleta damu kuganda na kuua. Nilimwuliza anajuta nini. Alijibu, "Kutoa sijutii. Najutia kwamba siku ile niliondoka pale mikono mitupu, kama sikuwahi kufika."

Jumapili, Nkuhungu

Dada amekuja na mayai ya kienyeji trei nzima, karanga, parachichi, na orodha ya nisivyopaswa kufanya. Nisibebe ndoo. Nisipande bodaboda. Nisikasirike. Yeye mwenyewe yumo katika dawa, anameza vidonge vya homoni vinavyonenepesha ukuta wa mji wa mimba ili uwe tayari siku ileile ambayo kiinitete kitakuwa tayari, na najua vidonge hivyo na hofu vimemfanya asilale. Lakini aliponiwekea yai la pili sahanini na kusimama kusubiri nilimalize, nilimwambia, "Dada, mimi si kuku." Tulicheka, halafu akalia, halafu tukakaa kimya tukimenya karanga. Nimemsihi aniulize kila siku jambo moja lisilohusu tumbo langu. Ameahidi atajitahidi.

Kuhusu bodaboda, lakini, alikuwa sahihi. Ovari zikivimba zinakuwa nzito na zinaweza kujisokota, ndiyo maana hata daktari amekataza mitikisiko na kazi nzito.

Jumanne na Jumatano, Dar es Salaam

Tumefikia kwa shangazi, Tabata. Jana vifuko vikubwa vilikuwa milimita 16. Leo vingi vimefika 18, na damu inaonyesha homoni imepanda sana. Tumbo limejaa, nakaa kwa kuegemea nyuma.

Kwa sababu ya mama wa Singida, niliingia kwa daktari na swali lililoandikwa. Mayai hukamilisha kupevuka kwa sindano moja ya mwisho, na sindano hiyo ziko aina mbili. Ile ya zamani hukaa mwilini siku nyingi na ndiyo inayochochea sana ugonjwa ule. Nyingine huuamsha mwili utoe homoni yake wenyewe kwa muda mfupi, na hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa mwanamke anayetarajia kubeba mimba papo hapo daktari hupima faida na hasara, kwa kuwa aina ya pili huweza kudhoofisha maandalizi ya mji wa mimba. Mimi sibebi mimba. Kwa hiyo hasara hiyo hainihusu, wala haimhusu dada, ambaye mji wake unaandaliwa kwa vidonge vyake. Daktari alisikiliza, akatazama idadi ya vifuko, akasema alikuwa anaelekea huko. Huenda. Nimeandika katika daftari langu kwamba niliuliza.

Sindano imepangwa saa 3:30 usiku huu, kusiwe na robo saa ya mbele wala ya nyuma, na mayai yatatolewa baada ya saa 36, yaani saa 3:30 asubuhi ya Ijumaa. Wakichelewa, mayai yatakuwa yametoka yenyewe na kupotelea tumboni. Nyumba nzima ya shangazi ilikuwa ikitazama saa ya ukutani, na taarifa ya habari ilizimwa.

Ijumaa, Dar es Salaam

Sikula wala kunywa tangu usiku wa manane. Nilivaa gauni la kijani linalofungwa mgongoni, muuguzi akanichoma sindano ya mshipani, mtaalamu wa nusu kaputi akaniuliza nimetoka mkoa gani. Nilisema Dodoma. Aliuliza kama zabibu zimeiva, na sikumbuki kama nilimjibu.

Walichofanya nimekisoma baadaye: sindano ndefu nyembamba hupitishwa katika ukuta wa uke ikiongozwa na altrasaundi, inatoboa kifuko kimoja baada ya kingine na kuvuta majimaji, na mtaalamu wa maabara katika chumba cha pili huyachungulia kwa darubini akitafuta yai. Hakuna mshono. Kazi yote haikufika nusu saa.

Nilipozinduka, mdomo mkavu, tumbo likivuta kama siku ya kwanza ya hedhi, nilimsikia muuguzi nje ya pazia akimpa mtu idadi. Alikuwa akimpa dada. Dada alitoa sauti ya furaha, shemeji akashukuru Mungu, wakaondoka kwenda kuandaliwa mbegu na fomu nyingine, na mimi nilikuwa bado sijaambiwa neno. Muuguzi alipokuja kupima presha nilimwuliza mayai ni mangapi. Alisema, kwa upole kabisa, "Usijali, wenyewe wameshajulishwa."

Sikupandisha sauti. Nilimwambia kwamba mimi nami ni mgonjwa wa hapa, nina namba ya faili, na ningependa yaandikwe mayai mangapi yametoka, mangapi yamepevuka, nimepewa dawa gani za nusu kaputi, na damu nimepoteza kiasi gani. Alisimama kidogo, kisha akaenda. Aliporudi alikuja na daktari na karatasi: mayai 14, yaliyopevuka 11, damu kidogo tu. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza dalili za kurudi nazo bila kungoja: homa, kutapika, mkojo kupungua, kuhema, tumbo kukaza, au uzito kupanda zaidi ya kilo 1 kwa siku. Alisema vizuri na kwa utaratibu. Nadhani angesema hivyohivyo bila kuombwa, ila sina uhakika, na mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi hapaswi kuwa ndiye wa kukumbusha.

Jumamosi, Tabata

Nimejipima uzito kwenye mizani ya duka la dawa la jirani: umepanda nusu kilo. Nakunywa maji ya chumvi na sukari, nalala kwa ubavu. Maabara imepiga simu, safari hii kwa dada na kwangu: mayai 8 yametunga.

Jioni shemeji alileta suala ambalo lilikuwa likizunguka chini kwa chini tangu mwanzo. Angependa jambo hili liishie kwetu, mtoto asijue, majirani wasijue, hata watoto wangu wasijue. Dada hakubaliani naye. Waliniomba niseme, nami nilisema nilichokuwa nimekifikiria kwenye treni: kwamba ukoo wetu hauna siri iliyowahi kudumu mwaka, kwamba kikao cha Mpunguzi kilikuwa na watu wasiopungua tisa na mmoja wao ni mjomba, na kwamba siku hizi kipimo cha vinasaba kinaweza kumfunulia mtu mzima asubuhi moja alichofichwa miaka yote. Bora mtoto akue akijua, aambiwe kidogokidogo na mama yake mwenyewe, kuliko kuambiwa msibani na mlevi. Shemeji alicheka bila kupenda. Hajakubali bado, amesema atarudi kwa mshauri nasaha peke yake, na hilo naliona ni hatua.

Jumapili, treni

Nimerudi na mume wangu. Mambo ya njiani hayakuwa na neno.

Jumatano, Nkuhungu

Leo dada amepandikizwa kiinitete kimoja cha siku 5. Vingine vilivyofikia hatua hiyo vimegandishwa katika naitrojeni ya kimiminika. Alinipigia akiwa bado amelala, tukazungumza juu ya bei ya mchele. Mimi nilikuwa ofisini nikifunga hesabu za mwezi. Hedhi imeanza leo asubuhi, mapema kama daktari alivyosema ingekuwa, na tumbo limepungua hadi sketi yangu imefunga.

Jumanne, Dodoma mjini

Altrasaundi ya mwisho imefanyika leo. Ovari zimeshuka karibu na ukubwa wake wa kawaida, hakuna maji tumboni. Nimepewa picha na maelezo, nikayaweka pamoja na karatasi nyingine zote katika faili la bluu, ambalo litakaa kabatini pamoja na kadi za kliniki za wanangu, kwa kuwa nikilazwa popote kesho au baada ya miaka kumi daktari anapaswa kujua. Matokeo ya kipimo cha mimba ya dada yatatoka siku zijazo, naye ndiye atakayeyatangaza.

Mchana huohuo yule binti wa chuo ameniandikia. Ameitwa kuanza sindano wiki ijayo, na anauliza kama kweli ana haki ya kupewa nakala, maana hataki waone anasumbua wakamwacha. Nimempigia. Nimemwambia aombe kwa maandishi kabla ya kusaini ukurasa mwingine wowote, aulize nani atalipa akilazwa, aulize watampa aina gani ya sindano ya mwisho na kwa nini, na amtafute hata rafiki mmoja wa kumngoja nje ya mlango siku ya kutolewa mayai. Ameniuliza kama ningeweza kuwa mimi. Tumekubaliana anitumie tarehe mara tu atakapoijua, nikate tiketi.